Jiko la Wifi

Alipougonga mgongo wa jiko kwa nyundo ndogo, chuma hakikulia. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kalibuni, kikiwa kizima hulia kama kengele. Hiki kilitoa sauti butu, ya mtu aliyekabwa. Aliinamisha uso ili mwenye jiko asilione tabasamu lake.

Mwenye jiko alikuwa wifi yake. Ndiye aliyemtupia virago barazani hata matanga ya mumewe hayajaisha, akaapa kwamba mjane huyo hatakanyaga tena nyumba ile. Binti aliyemzaa akazuiwa huko, eti ni damu yao. Tangu hapo aliinoa hasira yake kimyakimya, bila kujua siku ya kuitumia.

"Kumbe ndiko ulikoishia, wifi?" yule alisema, ameziba pua kwa mtandio. "Kusugua masizi ya watu!"

"Na wewe umeyaleta ya kwako."

Mwenye karakana aliyemwajiri alicheka huko alikokuwa akikata mabati. "Mama, ongea naye vizuri. Majiko ya namna hiyo mimi siyawezi, ni yeye tu."

"Lina nini? Nimelinunua linang'aa."

"Kinachong'aa ni rangi."

Aliikwangua rangi kwa brashi ya waya mpaka kutu ikachungulia. Kisha akaingiza taa tumboni mwa jiko, akazunguka nyuma. Uzi mwembamba wa mwanga ulipenya pembeni. Ufa.

Angeweza kuuziba kwa udongo na kuupaka weusi. Jiko lingetoka limependeza kama bibi harusi, na siku ya moto mkubwa ufa ungeachama, moshi ukatanda nyumba nzima. Alimwona wifi akitoka mbio, machozi na kamasi vikimchuruzika mbele ya majirani. Picha hiyo ilimkolea mdomoni kama asali.

"Ni kutu tu," alisema. "Utaliweka wapi?"

"Chumba cha nyuma. Mwanao analala humo, kila siku analalamika baridi."

Brashi ilisimama. Asali ile iligeuka shubiri. Alijiona mwenyewe akimwagia moshi mtoto aliyelala. Lakini hasira haikuondoka; ilitafuta tu njia nyingine.

Akaihamishia taa nyuma ya jiko. "Piga magoti, wifi. Ingiza kichwa uone."

"Mimi? Nipige magoti hapa?"

"Ukitaka kujua ulichouziwa."

Wifi alipiga magoti sakafuni, akaingiza kichwa. Alipokitoa, paji la uso lilikuwa jeusi tititi. Hakuna aliyemwambia.

"Ni ufa ule! Si ulisema kutu?"

"Nilisema. Sasa nasema ufa. Nitalipasha moto jiko zima ndipo niuchomee, kisha nilizike kwenye jivu lipoe taratibu. Likipoa haraka, litapasuka upya."

"Halafu nije kulichukua?"

"Nitalileta. Chuma kilichoungwa huzoeshwa moto kidogokidogo, siku kadhaa, palepale jiko litakapokaa. Siku hizo zote nitauwasha mwenyewe."

"Nyumbani kwangu?"

Alichukua msasa, akaanza kusugua kifuniko. Wifi alimgeukia mwenye karakana. Naye akajifanya anatafuta mkasi wake.

"Basi upitie uani," wifi alisema.

"Nitapita mbele. Na mwanangu ndiye atakayenifungulia."

Wifi alijikung'uta magoti yaliyokwisha kuwa safi.

"Mlango wa mbele unakwama siku hizi," alisema hatimaye.

"Nitausukuma."