Chupa za Mlango wa Nyuma

Kilichopotea kwanza kilikuwa mchuzi wa kondoo. Si sufuria nzima. Ingekuwa sufuria nzima, Mama Mwiko angewaita majirani. Ilikuwa kiasi cha bakuli tu, pembeni, mahali ambapo upawa ulipita na kuacha mfereji kwenye mafuta yaliyoganda juu. Mtu mwingine asingeona. Lakini Mama Mwiko alikuwa mpishi wa mgahawa ule tangu siku mume wake alipoufungua, na kila sufuria aliyoifunika alijua ameiachaje.

Walioingia jikoni mle ni watu watatu. Yeye mwenyewe, mumewe aliyekaa kaunta, na wifi yake, dada wa mume, aliyehudumia mezani. Huyo wifi alikuwa mrefu hata wateja wakamwita Twiga, naye akaitikia bila kununa. Mume hakuwa mlaji wa kondoo. Alisema inamletea kiungulia. Basi mwizi hakuhitaji kutafutwa mbali.

Mama Mwiko alikuwa mtu wa kuliweka jambo kifuani na kuliacha lichemke kwa moto mdogo.

Baadaye zikapungua biringanya. Halafu uyoga. Ilikuwa kila mara baada ya chakula cha mchana, viti vikishapinduliwa juu ya meza ili sakafu ipigwe deki. Twiga alifua kitambaa, akakianika, akasema, "Natoka kidogo, wifi, narudi sasa hivi," kisha akapita mlango wa nyuma na kikapu begani. Kikapu hicho alikivaa upande ule ambao Mama Mwiko hakuweza kuona ndani.

Kilikuwa kikienda na kitu na kurudi na kingine, maana siku zilezile ndipo zilipoanza kuingia chupa. Mgahawa wao siku zote uliuza mvinyo mwekundu wa aina moja, ule unaoletwa na gari la soda, mtamu wa kuamsha jino bovu. Sasa Twiga akawa anarudi na chupa zenye majina ya kutatiza ulimi.

"Hii inaitwaje?" Mama Mwiko aliuliza siku moja.

"Mensia."

"Jina la mtu?"

"La zabibu, wifi. Haina makuu. Wape na ule uyoga wako."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mtu."

Hilo "kwa mtu" lilimkaa Mama Mwiko kooni kama mwiba wa samaki. Mtu gani asiye na jina? Na mtu huyo anatoa mvinyo kwa sababu gani, na anapewa nini?

Wateja hawakujali. Kulikuwa na fundi saa aliyekula pale peke yake kila mchana, na kila mchana akaacha nusu ya sahani, akaaga kwa upole. Siku aliyopewa uyoga pamoja na glasi ya ile Mensia alikula polepole, akanywa, akala tena, halafu akafuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Mama Mwiko alimtazama kupitia kidirisha cha kupitishia vyakula. Mpishi mwingine angefurahi. Yeye alijiuliza: uyoga ni uleule, chumvi ni ileile, huyu leo kalishwa nini?

Kilichomtia hofu hasa ni ulimi wa Twiga. Zamani mwanamke yule alikula chochote kilichowekwa mbele yake huku akiongea. Sasa alionja kwa kijiko, akanyamaza, macho yakaenda mbali.

"Wifi, leo umebadilisha siki?"

Alikuwa amebadilisha. Ile ya zamani iliisha, akanunua nyingine.

"Siki ni siki," akajibu, lakini moyo ulimlipuka. Mtu haanzi kupekua chakula cha mwenzake namna hiyo bila sababu. Anayefanya hivyo anaiba mapishi.

Jioni hiyo alimkabili mumewe wakifunga madirisha.

"Baba watoto, dada yako anataka kufungua mgahawa."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nina hakika."

Mume akacheka. "Mama watoto, juzi ulisema mwenye duka la gesi anatupunja kwa sababu anakusalimia sana."

"Na hajaacha kunisalimia."

Aliamua kutega mtego. Akapika maharagwe, akayatia karafuu za kutosha kumfukuza ng'ombe, akayaweka mahali pa wazi kabisa. "Haya ni ya kesho," akasema kwa sauti. "Yasiguswe." Twiga akaitikia, akaendelea kupanga vijiko. Mchana akatoka na kikapu chake kama kawaida.

Aliporudi alikuwa na uso wa mtu mwenye habari ya msiba. Akazunguka jikoni, akagusa hiki, akaweka kile.

"Wifi, yale maharagwe," akasema hatimaye. "Karafuu zimezidi. Usiwape watu."

Mama Mwiko akaweka kisu chini. "Umejuaje, na mimi nimesema yasiguswe?"

"Nimesikia harufu."

"Mfuniko ukiwa juu?"

Twiga akageukia vijiko. "Mfuniko ukiwa juu."

Walitazamana. Kazi ya jioni ikaenda kwa "pisha" na "shika" peke yake.

Kesho yake Twiga alipotoka, Mama Mwiko alivua aproni, akajitanda mtandio, akamfuata kwa mbali. Kazi haikuwa ngumu. Kichwa cha Twiga kilielea juu ya vichwa vya watu wote. Alipita duka la dawa, akapita mafundi cherehani, akakata kona kwenye kichochoro chembamba na kuingia mlango wa kijani. Mama Mwiko alisimama kando ya fundi viatu aliyekuwa amekaa karibu na mlango huo.

"Unamtafuta Vizibo?" fundi akamuuliza. "Ingia tu, mama. Muuza mvinyo yule hana neno."

"Ninaangalia tu."

Akaangalia kwa kweli, uso umekaribia kioo. Duka lilikuwa refu na jembamba, chupa zimelazwa kwenye rafu mpaka darini. Mwanamume wa makamo, sweta yake imetoboka viwikoni, alikuwa peke yake mezani. Mbele yake ulikuwapo mkebe. Mama Mwiko aliutambua: mkebe wa jikoni kwake mwenyewe, wenye pindo lililopondeka. Yule bwana akainua glasi, akaizungusha, akaingiza pua ndani, akafumba macho na kutikisa kichwa kwa ridhaa, kama mtu aliyesikia habari njema.

Mama Mwiko akasukuma mlango. Hakuwa amepiga hatua mbili alipokutana na harufu ya mkate unaoungua. Jiko dogo la gesi lilikuwa nyuma ya yule bwana, na moshi mweusi ulianza kupanda.

"Karibu, mama," akasema Vizibo, ametulia kabisa.

"Mkate wako unaungua."

Vizibo alikuwa bado anamtazama kama asiyeelewa pale Twiga alipotoka mbio chumba cha nyuma, mikono imejaa povu na glasi. "Mkate," akasema, akazima gesi. Kisha akageuka.

"Wifi," akasema.

"Wifi," Mama Mwiko akajibu.

Alikuwa amekuja na maneno tayari, yamepangwa tangu nyumbani, ya mchuzi na ya uyoga na ya undugu. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye ule mkate, kaa tupu, hatua moja tu kutoka mgongo wa mtu aliyekuwa ananusa glasi kwa raha zote. Akamgeukia muuza mvinyo.

"Pua yako ina nini?"

Vizibo akatazama glasi yake. Twiga akafungua mdomo, yule bwana akamzuia kwa mkono.

"Ilienda na homa, mama. Mimi nikapona, yenyewe haikurudi."

"Na nilipochungulia kiooni ulikuwa unanusa nini?"

"Kulikuwa na mtu kichochoroni. Huwa nafanya hivyo mtu akipita."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kutafuta mvinyo mwekundu mzuri kutoka kwa wakulima wadogo wasiojulikana, na kuyaambia mahoteli upi uende na chakula gani. Majina aliyajua yote, na milima, na udongo. Lakini ladha ilikuwa imebaki kichwani tu, kama sura ya mtu aliyehama. Siku Twiga alipoingia kutafuta chupa ya harusi ya rafiki yake, alionja, akasema hii inanukia kama pilipili manga na matunda yaliyoangukia chini. Vizibo aliijua ile chupa tangu zamani. Hivyo ndivyo ilivyonukia kweli, na tangu hapo akamwomba amwonjee mvinyo pamoja na chakula.

"Basi unawauzia watu kwa pua ya wifi yangu," Mama Mwiko akasema. "Na pua ya wifi yangu inalishwa na sufuria zangu."

"Ni hivyo, mama."

"Mnadanganya watu wangapi?"

Twiga akavuta kiti. "Kaa kwanza, wifi. Onja, halafu utugombeze."

Mama Mwiko akakaa ukingoni, mkoba mapajani. Twiga akafungua chupa yenye maandishi ya Kigiriki, akamimina glasi tatu. Jina la zabibu zake, Vizibo akasema, ni Ksinomavro, maana yake chachu na nyeusi. Mama Mwiko hakugusa mpaka alipoona wote wawili wamemeza.

Ulikuwa na rangi ya kufifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Alipokunywa, ukakasi ulimbana ufizi kama ndizi mbichi. "Hii mbona imeharibika," akasema.

"Sasa kula."

Ulikuwa mchuzi wake mwenyewe wa kondoo, nyanya na mafuta ya mzeituni. Akala kipande. Akanywa tena, kwa kutaka tu kuthibitisha. Ule ukakasi haukuwapo. Ulikuwa umeingia kwenye mafuta ya nyama na kuyeyuka nayo, na mahali pake palisimama nyanya, nyanya zilizokaushwa juani, ambazo hakuzitia, pamoja na kitu kama zeituni. Mchuzi nao ulibadilika. Aliusikia utamu wa kitunguu alichokikaanga taratibu asubuhi, ambao kwa miaka yote alidhani anausikia yeye tu.

Akala kipande kingine bila kuambiwa. Vizibo alikuwa anamtazama usoni kwa namna ya mtu mwenye njaa, anasoma kila alichokosa. Ilimfanya Mama Mwiko aone haya kutafuna.

"Mzuri?" akauliza yule bwana.

"Mzuri," akakiri. Kisha akamgeukia Twiga, maana dukuduku lake lilikuwa bado halijashiba. "Na wewe unapata nini hapa?"

Twiga akachezea kizibo. "Ameniomba nije moja kwa moja. Kazi ya kudumu."

"Kaka yako anajua?"

"Hajui."

Kumbe hakukosea sana. Si mgahawa, si mapishi, lakini alikuwa akiondoka. Mama Mwiko aliwahi kuwaza mara nyingi jinsi atakavyofurahi siku atakapogundua kwamba alikuwa sahihi. Hakufurahi.

"Ungeniambia, wifi."

"Ungesemaje?"

"Ningekataa."

"Ndiyo hivyo."

Mama Mwiko akafunika mkebe wake. "Nenda, sikushiki mguu. Lakini huyu bwana aseme ukweli kwa wateja wake. Mimi nikipoteza ulimi wangu leo, wanaokula kwangu wana haki ya kujua nani anaonja. Asiposema yeye, nitasema mimi."

Vizibo akaiweka glasi yake chini. Akasema atasema.

Alisema kweli, na ilimgharimu. Hoteli kubwa kuliko zote ilimwacha wiki hiyohiyo, na nyingine zikapunguza. Zilizobaki zilitaka Twiga afike mwenyewe jikoni kwao, naye akafika, shingo juu, akiwauliza wapishi wao habari za siki. Mume wa Mama Mwiko alinuna siku kadhaa, akaajiri mhudumu mwingine, ambaye Mama Mwiko alimshuku mara moja kwa sababu hakuwa anavunja chochote.

Siku moja ya mapumziko Twiga alikuja nyumbani na chupa iliyotoka kwenye friji, imetoka jasho. Frapato, akasema, kutoka kisiwa cha Sisili. Ni ya samaki.

"Mvinyo mwekundu kwa samaki? Tena baridi?"

"Onja."

Mama Mwiko akainusa glasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama wifi yake, akaitazama tena. "Tangulia wewe."

Twiga akanywa. Ndipo naye akanywa, akamega samaki aliyetoka kikaangoni, akanywa tena. Ulikuwa mwepesi, na ladha yake ya matunda mekundu ilipita kwenye ile ngozi ya samaki iliyokauka kama maji ya kisima.

"Wamechanganya nini humu?" akauliza.

"Zabibu tu, wifi."

"Haiwezekani," akasema, akasogeza glasi karibu na Twiga imiminwe tena, akaenda kuweka samaki mwingine motoni.