Kabichi ya Mama Mlezi

Siku ya kugawa mboga, wenye shida walipangwa juani na kamati ikapangwa chini ya turubai. Bustani ilikuwa nyuma ya ghala kuukuu, mahali palipokuwa jalala mpaka majirani walipozoa taka wenyewe, wakachimba matuta na kubeba maji kwa ndoo. Kazi ngumu ilipokwisha akaja Mama Mlezi, mlezi wa kamati, na bango. Kwenye bango alikuwa yeye, ameshika jembe kama mtu aliyeshika kipaza sauti.

Wa kwanza kuitwa alikuwa fundi viatu, mwanamke wa makamo anayefanya kazi kwenye kona ya sokoni, misumari mdomoni. Alitaka mboga kwa ajili ya mama yake, ambaye daktari alimwambia ale majani kila siku, ushauri usiomgharimu daktari kitu. Kabichi aliyoitiwa aliijua vizuri. Aliipanda mwenyewe, akaitoa viwavi kwa vidole. Hilo halikutajwa kwenye hotuba, maana hotuba ilikuwa imeshaandikwa.

Mama Mlezi akaishika kwa chini, fundi akaishika kwa juu, wote wakaitazama kamera. Mpiga picha akaridhika. Fundi akavuta. Kabichi haikuja.

"Achia, mama," fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeachia."

"Bado umeshika."

"Mimi? Wewe ndiye unayevuta kama unanyang'anywa."

Kumbe viganja vyao vyote viwili vilikuwa vimeganda kwenye kabichi, cha mmoja chini, cha mwenzake juu. Kamati ilileta sabuni, ikaleta mafuta ya kupikia. Katibu alipendekeza waahirishe. Mwishowe akaitwa muuguzi wa zahanati ya jirani, akapapasa pale kiganja kilipokutana na jani, akanawa mikono.

"Hapa hakuna ugonjwa," alisema. "Kabichi haijatolewa, basi."

"Imetolewa," alisema Mama Mlezi. "Picha ipo."

"Ingetolewa ingetoka. Mwambie ni yake, lakini iwe kweli. Itaachia yenyewe."

Mama Mlezi alimtafuta mpiga picha kwa jicho la pembeni, kisha akasema, "Ni yako." Kabichi ikakaa palepale. Akasema tena kwa upole. Akasema kwa machozi kidogo, kwa sauti aliyokuwa akiwawekea wafadhili. Akasema kwa hasira, meno yamebana. Muuguzi alisikiliza zote, akasema ana wagonjwa wanamsubiri, akaondoka.

Kwa kuwa hakuna aliyetegemea Mama Mlezi akalale kwa fundi viatu, fundi alipelekwa kwa Mama Mlezi. Mume wa Mama Mlezi, mkandarasi, aliinua macho kwenye gazeti akauliza kama mgeni anatumia sukari. Usiku fundi alilala sakafuni, mkono umeelekea juu kitandani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Asubuhi walikwenda jikoni pamoja. Jokofu lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na karoti, biringanya na nyanya za matuta ya nyuma ya ghala, zile kubwa kubwa.

"Hizi si za bustani?" fundi aliuliza.

"Ni sampuli, bibie. Kiongozi lazima ajue watu wake wanakula nini."

"Mama yangu yuko peke yake. Nani anampikia?"

"Tunamwombea."

"Maombi hayachemki, mama."

"Wewe nawe! Si mmeshasaidiwa? Kabichi ya nyumba yenu si hii hapa umeishika?"

Na hivyo ndivyo kamati ilivyomjibu jirani, mbeba mizigo, alipokwenda kumwombea mama wa fundi walau fungu la mchicha. Nyumba ile ilikuwa imeshapata. Walimwonyesha picha.

Kwenye kona ya sokoni viatu vya watu vilikaa soli wazi, bila wa kuvishona. Mkono ambao fundi alizoea kushikia sindano ulikuwa kwenye hafla, unazungushwa ukumbi hadi ukumbi, kwa sababu Mama Mlezi hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Alimtambulisha fundi kama "mnufaika wetu," akamkanyaga kidogo mguuni pale ilipofaa atabasamu. Mwanzoni fundi aliona haya. Baadaye haya yalimtoka. Mtu uliyemsikia akikoroma, akajipigia makofi usingizini, huwezi tena kumwogopa hata ukijitahidi. Alichobaki nacho ni wasiwasi juu ya mama yake, nao haukumpa nafasi ya kutabasamu.

Siku moja mchana mbeba mizigo alifika getini akisukuma mkokoteni, na ndani ya mkokoteni alikuwamo mama wa fundi, amekonda, khanga yake imemzunguka mara mbili zaidi ya zamani. Macho yake yalikuwa yameshafifia. Walimketisha kwenye sofa, akanyoosha mkono, akapapasa mkono wa bintiye, akapapasa kabichi, akaufikia mkono mwingine, laini, wenye pete.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na siku zote hizi mmekaa mnaitazama?"

"Haitoki, mama. Mwenyewe hajaitoa."

"Nani kakwambia uitoe? We mtoto, una njaa au huna?"

Akabandua jani la pembeni. Lilitoka bila tabu. Akalitia mdomoni akalimung'unya kwa ufizi, na fundi naye akabandua lake kwa mkono uliokuwa huru.

"Mnaniumiza!" Mama Mlezi alipiga kelele, maana kila jani lililotoka alilisikia mpaka begani. "Ngojeni kwanza! Ngojeni nimpigie mpiga picha!"

Hawakungoja. Walikula, mmoja mwenye meno na mwingine asiye nayo, na mbeba mizigo akakaribishwa akala mawili. Majani yaliyokuwa chini ya kiganja cha fundi yalipokwisha, mkono wake ukatoka. Aliufuta kwenye sketi, akampandisha mama yake mkokotenini, wakaenda zao. Hakusema asante. Jambo hilo kamati ililijadili kwa kirefu, kwa masikitiko.

Shina lilibaki kiganjani mwa Mama Mlezi. Alilizoea, akawa analitundikia mkoba. Na kama yanavyofanya mashina ya kabichi yakiachwa, halikupita muda likachipua majani madogo ya kijani kibichi. Kamati ilisema hilo ndilo walilokuwa wakilisema siku zote. Wageni walianza kuja kuutazama mkono unaolisha watu. Walikuja na magari, na magari hayakuwa na pa kukaa, hivyo matuta ya nyuma ya ghala yakasawazishwa, yakamwagiwa kokoto. Majirani hawakuulizwa. Walipongezwa.

Kuhusu wenye shida, Mama Mlezi aliamua wahudumiwe moja kwa moja. Kila siku ya kugawa huketi penye maegesho, mkono umenyooka, na kila mtu anapofikiwa na zamu anainama, anakata jani moja kwa meno, anampisha mwenzake. Kwa picha inapendeza zaidi hivyo.

Fundi naye huja, maana daktari hajabadilisha ushauri wake na pa kupanda hapapo tena. Mara ya mwisho alimshika mama yake mabega akamwelekeza kwenye jani. Kikongwe akalivuta kwa midomo, akaanza kulimung'unya taratibu.

"Sema asante, bibi," Mama Mlezi alimwambia, uso ukiwa kwenye kamera.

"Subiri nimeze."

Honi ikalia nyuma yao. Mlinzi akawaambia wasogee, gari la wageni linataka kuingia. Wakasogea.