Uzi Ulioachwa

1.
Tuko wawili, nyuzi za DNA, tumesokotana tangu uhai ulipoanza. Mtu akituunga tukawa pete, na pete ikajipindapinda kwa msongo, mahali fulani tunafumuka. Mmoja wetu hugeuka, akalala ubavuni mwa jozi ya jirani. Hapo wanakuwa

watatu.

Mimi ni mwenziwe. Habari zangu haziulizwi sana.

2. TANGAZO
Watumiaji wote wa maabara ya vinasaba mnaarifiwa kuwa friji imejaa. Sampuli ambazo matokeo yake hayajathibitishwa zitateketezwa Ijumaa saa kumi jioni. Hakutakuwa na nyongeza ya muda.

3.
Tumwene Kalinga alisoma tangazo, akasonya. Sampuli zenye shaka zilikuwa zake tu. Shahada yake ya uzamili ilikuwa imelala ndani ya vichupa vile, na ushahidi wote alionao ulikuwa mstari mmoja wa ziada kwenye jeli ya kupimia DNA.

— Uchafu huo, binti yangu, alisema Dokta Kokugonza, msimamizi wake. DNA ya nyuzi tatu haidaiwi hivihivi.

— Nimerudia, Dokta.

— Umerudia uchafu.

4. (Koridoni, wenzake wawili)
— Bado anatafuta watatu wake?

— Mwache. Asiyesikia la mkuu

5.
Wewe unayesoma, ungejuaje kuwa mmoja amehama? Kwao Makambako, baba yake Tumwene alipoanza kulala kwingine, hakuna aliyemwona akiingia huko. Mtaa ulijua kwa kumtazama mama. Saa ya chakula alikaa barazani na sahani moja, mlango wazi, kama asiye na la kuficha.

6.
Alhamisi mchana, chapati mdomoni, Tumwene akaacha kutafuna.

Siku zote amewatafuta watatu. Kumbe

angemtafuta aliyeachwa.

7.
Kipo kimeng'enya kinachokata uzi usio na mwenza na kuacha uliokumbatiwa. Alikitia kwenye pete zenye msongo, kisha kwenye pete zilizolegea ili alinganishe. Ili kuwathibitisha watatu, ilimbidi amkate aliye peke yake.

Akabonyeza pipeti. Kazi ni kazi.

8.
Ijumaa, taa ya zambarau ikawashwa juu ya jeli. Pete zilizolegea zilikuwa nzima. Zenye msongo zilikuwa zimekatika.

Dokta Kokugonza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Jumatatu utarudia, mbele yangu. Isipojitokeza tena, mwanangu

Hakumaliza. Alivikusanya vichupa mwenyewe, akaenda navyo kwenye friji ya ofisini kwake.

9.
Tumwene alifurahi, na furaha yenyewe ikamuuma. Jioni alimpigia mama.

— Shikamoo, mama. Umekula?

— Marahaba. Ndo napakua hapa.

— Uko na nani?

— Na nani tena, jamani?

— Basi weka spika. Mimi nina ndizi zangu hapa, tule wote.

Simu ya mama ililazwa mezani, kisha yakasikika maji ya kunawa, yakimiminwa taratibu.