Mkono Uliobeba Sinia

Jumamosi moja, saa kumi na dakika kumi alasiri, karani wa vifurushi wa posta alifunua sufuria ya chai ya viungo mbele ya wageni wake, na mvuke haukupanda juu. Ulishuka ubavuni mwa sufuria, ukavuka meza, ukamkwepa kwa adabu mwalimu mstaafu aliyekuwa ameshika kikombe, ukatokea dirishani. Chai iliyobaki ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Dirisha lina upepo," alisema mke wa fundi wa friji.

Dirisha halikuwa na upepo. Pazia lilikuwa limetulia tuli. Lakini mgeni mwenye heshima zake hamwambii mwenyeji kwamba chai yake imetoroka, kwa hiyo wakanywa.

"Si ndiyo ile chai ya kutuliza?" mwalimu mstaafu aliuliza baada ya funda la pili. "Naona nayo imetulia."

Wakacheka, na karani akacheka kuliko wote, maana alikuwa ameona mvuke ulikoelekea. Ulishuka ngazi tatu za baraza, ukasubiri baiskeli ipite, ukavuka barabara, ukakata kona penye fundi viatu. Baada ya kona ile kulikuwa na nyumba nne. Katika ya tatu alikaa dada yake.

Chai yenyewe ilikuwa na jina mtaani. Mtu akikosa usingizi, akibanwa na kifua, akigombana na mumewe hadi mikono inatetemeka, aliambiwa, "Nenda kwa karani akakuchemshie." Sifa hiyo ilianza mama yao alipokuwa anaumwa. Mama alilala kitandani miaka miwili, pumzi zinakuja kwa awamu, na kitu pekee kilichompa nafuu kilikuwa kikombe cha chai ile, asubuhi na alasiri. Aliyeichemsha ni dada mtu. Yeye alikuwa mfumaji wa masweta ya shule, cherehani yake ya kufumia iko sebuleni, na kwa kuwa alifanyia kazi nyumbani, watu waliona hana kazi, wakamwachia mgonjwa.

Mdogo mtu, karani wetu, alikuja Jumapili, kapiga pasi hadi mikanda. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Dada mtu alikuwa jikoni, masizi yamempanda mpaka kwenye kope. "Peleka wewe," alikuwa akisema, akimkabidhi sinia. "Mimi nitawatimua watu."

Karani akapeleka. Wageni wakanywa, wakashusha pumzi, wakamtazama aliyebeba sinia. "Mkono wako una baraka, binti," mama mmoja alimwambia. Karani alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Bahati mbaya yule mama alikuwa ameshaanza kusimulia habari za goti lake, na kumkatiza mtu mzima katikati ya goti si adabu. Wiki iliyofuata kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Na siku ya mazishi, mkubwa wa ukoo aliposimama mbele ya umati kumshukuru binti aliyemtunza marehemu kwa chai miaka miwili, karani aliinamisha kichwa. Watu wakadhani ni huzuni. Dada mtu wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria, na wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Tangu siku hiyo karani alivaa kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa vizuri mpaka akasahau kwamba ni majani.

Mvuke haukusahau. Kila alipochemsha, ulitoka. Akafunga dirisha, ukapita tundu la ufunguo. Akabadilisha sufuria, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Mvuke ukasubiri kwa uvumilivu mpaka jiwe lilipoondolewa, ukaenda zake. Mtaa ukazoea. Waendesha baiskeli walipiga kengele walipouona barabarani. Fundi viatu alisogeza kigoda chake hatua mbili, ili ukipita saa kumi na robo umlainishie ngozi.

"Karani leo umechelewa," alimwambia siku moja. "Nina buti hapa gumu kama roho ya mwenye nyumba wangu."

Dawa ya mvuke ule karani aliijua. Haikuwa ya kununua dukani.

Jumanne, dada mtu alipiga hodi. Alikuwa na nyuzi za sufu kwenye nywele, kama kawaida yake.

"Mdogo wangu, mvuke wako umenikuta bafuni."

"Samahani, dada."

"Haupigi hodi hata kidogo! Na juzi umekaa juu ya masweta saba ya darasa la kwanza, yamenywea, sasa yanamtosha mwanasesere." Akaketi. "Ila kifua changu kimefunguka. Siwezi kuulaumu kwa yote."

Karani akaangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa hajui kama dada yake ana shida ya kifua. Miaka miwili ya moshi wa jikoni, na hakuwahi kuuliza.

Dada mtu alikuwa ameshafika kwenye sufuria, ananusa. "Mchaichai unautia lini?"

"Pamoja na tangawizi."

"Loo! Unauchemsha?"

"Sasa nifanyeje?"

"Mchaichai hauchemshwi, unafunikwa. Tangawizi hiyo usiimenye, ioshe tu, itwange, uianzishe na maji ya baridi. Iliki tatu, zipasue. Kijiti cha mdalasini. Karafuu mbili, ya tatu inaleta ugomvi. Ikishachemka zima moto, ndipo utie mchaichai, funika na sahani, uhesabu mpaka mia mbili." Akamtazama. "Kwani hukuwahi kuona?"

"Sikuwahi."

"Eh, kweli. Wewe ulikuwa unapeleka sinia."

Alilisema bila kijembe. Lingekuwa na kijembe, karani angepata pa kushika.

Dada mtu akachemsha mwenyewe, palepale. Aliposhindwa kuvumilia kuhesabu kimoyomoyo, alihesabu kwa sauti, na kwenye mia na arobaini akapotea, akaanzia mia. Alipofunua, mvuke ulipanda juu kama mvuke wa watu wote, ukageuka, ukaja kumkalia begani. Chai ilikuwa ya moto. Karani alikunywa mpaka ulimi ukaungua, akafurahi kuungua.

"Nina jambo," alisema.

"Sema."

"Kliniki ya ng'ambo ya mji wameniita. Muuguzi mkuu anataka niwafundishe akina mama chai hii. Kila Alhamisi, kuanzia wiki hii."

Dada mtu aliosha kijiko kilichokuwa tayari kisafi. "Na mimi nije?"

"Njoo."

"Nivae lile gauni la bluu?"

"Vaa," karani alisema, na moyoni akaapa kwamba Alhamisi atalisema. Siku mbili alilifanyia mazoezi kaunta ya posta, akigonga mihuri. *Aliyenifundisha ni dada yangu, yule pale.* Maneno sita. Alikuwa akiinua vifurushi vya kilo thelathini tangu asubuhi hadi jioni. Maneno sita yangemshinda nini?

Chumba cha kliniki kilikuwa na mabenchi sita, jiko la gesi na wanawake thelathini wenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Dada mtu alikaa benchi la nyuma kabisa, gauni la bluu limepigwa pasi, sufu zote ametoa kichwani. Karani alitwanga, akapasua, akazima, akafunika, akahesabu. Alifundisha vizuri sana, tena kwa maneno ya dada yake, hadi ile ya karafuu ya tatu. Watu wakacheka pale walipopaswa kucheka.

Kisha akafunua sufuria, na mvuke ukapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma.

"Mama mwenye gauni la bluu," muuguzi mkuu aliita, "sogea kidogo kulia, tafadhali. Unaupata wote peke yako."

Dada mtu akasogea kulia. Mvuke ukasogea kulia. Akarudi kushoto, nao ukarudi. Wanawake thelathini waligeuza shingo kwenda na kurudi.

"Mnafahamiana?" muuguzi mkuu akamuuliza karani. Alikuwa na kalamu mkononi na daftari la mahudhurio. Alitaka tu kujua aandike nini.

Karani akafungua mdomo. Maneno sita yalikuwepo, yamepanga foleni. Akawaona wanawake wakimsubiri, nyuso thelathini zilizomwamini tangu saa nane, na akaona namna nyuso hizo zitakavyomwacha, moja moja, kuelekea benchi la nyuma.

"Huwa ananisaidia jikoni," alisema.

Haukuwa hata uongo. Ubaya wake ulikuwa hapo.

*Msaidizi*, muuguzi mkuu akaandika. Dada mtu akatazama gauni lake, akalinyoosha mahali pasipokuwa na mkunjo. Aliposimama, karani alidhani anaondoka, na kwa sekunde moja, ambayo hajawahi kumsimulia mtu, aliomba aondoke.

"Basi msaidizi akae huku mbele karibu na jiko," muuguzi mkuu akasema, "tusipoteze joto."

Dada mtu akaja mbele. Wakampa kigoda. Mvuke ukamjia mapajani, ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Chai ikawa ya moto katika vikombe thelathini. Wanawake walishusha mabega, mmoja akasinzia akiwa amekaa, na muuguzi mkuu akasema hajawahi kuona kitu cha faida namna hii kwa gharama ya mizizi na majani. Kikombe cha karani peke yake kilikuwa baridi. Alikipuliza hata hivyo, watu wasije wakauliza.

Darasa lilipoisha, karani alisimama mlangoni akipokea shukrani. Alipogeuka, dada yake alikuwa kwenye karai, anaosha vikombe.

Njiani walitembea sambamba. Mvuke kidogo uliobaki ulikuwa umejishikiza kwenye pindo la gauni la bluu.

"Dada, pale..."

"Gauni limeshika harufu ya karafuu."

"Nilitaka kusema..."

"Kaza mwendo, mvua inakuja."

Mawingu yalikuwepo kweli, ila madogo. Karani akakaza mwendo. Mtu anayekusetiri humpokonyi kitambaa.

Sasa dada mtu huenda kliniki kila Alhamisi. Jumamosi huletewa kiti kwenye pembe ya sebule ya karani, ili chai isikimbie, na wageni wamejifunza kutokikalia. Mwalimu mstaafu anasema kila nyumba ina namna yake ya kuhifadhi joto. Fundi viatu ndiye pekee aliyelalamika. Alimsimamisha karani barabarani akamuuliza mvuke umehamia wapi, akajibiwa kwamba uko nyumbani, akasema "Haya," akarudi kuloweka ngozi kwa maji kama zamani.

Alhamisi iliyopita alikuja mwanamke mgeni, hajalala vizuri tangu ajifungue, mtoto kamfunga mgongoni. Alipata nafasi benchi la mbele, akanywa nusu kikombe, macho yakamlainika, akaanza kutazama vitu. Akamtazama dada mtu juu ya kigoda, mvuke umemlalia.

"Na wewe mama, hapa kazi yako nini?"

"Kukaa," dada mtu alijibu.

Mwanamke akatabasamu, lakini jibu lilimwachia njaa. Akamgeukia karani, akasubiri. Alikuwa na uso wa kawaida, usiomhukumu mtu. Hata muuguzi mkuu alikuwa ametoka nje kupokea simu. Haingekuja siku nyepesi kuliko hiyo.

Karani alihisi joto likimpanda shingoni, halafu masikioni, joto lake mwenyewe, la pekee alilokuwa nalo chumba kizima.

"Nani bado hajapata asali ya chai?" akauliza.

Dada yake akainua kichwa, akapitisha macho kwenye mabenchi, benchi kwa benchi.

"Yule aliyekaa mlangoni," akamwambia taratibu. "Na huyu mwenye mtoto."