Joto la Unga

Mwaka ule, baada ya mvua za El Nino, mahindi yalijaa Kinango, na foleni ya kusaga ikawa ndefu. Zamu ya Jumwa ilipofika, Muthoka, mwenye mashine, alimsagia na kumkabidhi mfuko wake. Jumwa akatia mkono ndani.

"Unga huu mbona una moto?"

"Mashine yatumia dizeli, Mama Rai. Dizeli si moto?"

Jumwa akachungulia. Injini ilikuwa nje, kibandani. Mashine ya kusagia ilikuwa ndani, na kilichoviunganisha ni mkanda tu, uliopenya tundu la ukutani.

"Kwa hivyo moto wapita kwenye mkanda?"

Muthoka akatikisa kichwa. "Hapana. Mkanda wazungusha tu."

Alipofika nyumbani, Jumwa hakuinjika chungu. Alilitoa jiwe la kusagia la mavyaa wake, Shutu, akaliweka kivulini, akaanza kusaga gao la mahindi.

"Mashine imekufa?" akauliza Shutu.

"Haijafa, mama. Kuna jambo nataka kulijua."

Akasaga mpaka jasho likamtiririka. Kisha akabandika kiganja juu ya jiwe. "Hebu shika hapa."

Shutu akashika. "Lina joto. Ujana wangu wote nimelisagia, nikidhani ni joto la mkono wangu."

"Na ni la mkono wako kweli, mama. Mkono wasukuma, mawe yasuguana, joto lazaliwa."

Shutu akaketi, amevutiwa. "Na huo mkono wapata wapi nguvu?"

"Kwenye ugali."

"Na mahindi ya ugali?"

Jumwa akatazama shamba lililokuwa likiungua kwa jua la adhuhuri. Shutu naye alikuwa ametazama huko huko, na wote wawili wakacheka kama watoto.

Siku ya pili Jumwa alirudi kwa Muthoka bila mahindi, akamsimulia yote. Muthoka alisikiliza, kitambaa cha grisi mkononi.

"Basi mkanda wabeba mwendo," akasema polepole, "na vyuma vya ndani vyaugeuza kuwa joto. Nao mwendo ulikuwa umelala ndani ya dizeli."

"Na dizeli iliupata wapi?"

"Dizeli hutoka Mombasa."

"Na kabla ya Mombasa?"

Muthoka akaweka kitambaa chini. Akaenda kuizima injini, wapate kuzungumza vizuri.