Makaburi Nje ya Mstari

Ripoti ya tathmini ya mgodi ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata siku ya Jumatatu, na kabla jua halijapanda watu walikuwa wamekwisha kuitazama na kwenda zao wakicheka. Makaburi yote kumi na mawili yalikuwa nje ya mstari mwekundu wa mgodi kwenye ramani. Kampuni ingechimba mchanga wake mweusi, na wazee waliozikwa wangelala palepale walipo.

Fanjiry peke yake hakucheka. Alama za makaburi kwenye ramani alizipima yeye, na alama ya kaburi la babu yake ilikuwa imekaa njiani, pale hasa aliposimama siku ya kupima. Kaburi lenyewe lilikuwa hatua mia mbili ndani ya mstari.

Yeye na wenzake saba walifundishwa mjini wiki tatu, kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo waliotaka wenyeji wajue wenyewe kufanya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Madamu Voahangy aliwafundisha kuuliza maswali nyumba kwa nyumba na kubonyeza simu ya kupimia. Kusoma ramani na kusahihisha makosa kuliachwa kwa awamu ya pili. Awamu ya pili haikuja. Wafadhili waliandika kwamba mwaka huu wameelekeza nguvu kwingine.

Basi alipofika makaburini, Fanjiry alifanya kama mtu yeyote aliyelelewa Androy. Alisimama mbali, njiani, nje ya uzio wa miiba, akayaonyesha kwa kidole kilichokunjwa, maana kulinyooshea kaburi kidole ni mwiko, akabonyeza. Mtu haendi makaburini bila mazishi. Wala hakuna aliyemwambia kwamba simu ile haijui macho yanatazama wapi, inajua miguu iliposimama tu.

Alimkuta baba yake mdogo, Remanintsy, mkuu wa ukoo, akila viazi vitamu kwa maziwa ya mgando.

"Daktari wa Mchanga! Karibu. Leo umetufurahisha."

Fanjiry alimweleza yote bila kukaa. Mzee aliweka bakuli chini.

"Kwa hiyo kalamu yako imewahamisha wazee bila hata kuchinja ng'ombe?"

"Nisamehe, baba mdogo. Pingamizi zinapokelewa mpaka Ijumaa. Niruhusu niingie nipime upya."

"Kuingia kunataka ukoo mzima ukae. Walioko kaskazini wafike, fahali apatikane, siku nzuri itafutwe. Mwezi mmoja, tukikimbia."

"Ijumaa imebaki siku nne tu."

"Najua kuhesabu siku, binti."

Jumatano asubuhi Fanjiry aliingia peke yake. Alivua viatu, akaomba radhi kwa sauti ndogo kaburi baada ya kaburi, akibonyeza. Mawe yalikuwa ya moto na pembe za ng'ombe zilizopangwa juu yake zilikuwa nyeupe kama maziwa. Alipotoka, mke wa jirani alikuwa amesimama na kuni kichwani, akimtazama. Aligeuka akarudi kijijini na kuni zake. Ndilo lililomtisha Fanjiry.

Hery, kijana wa ofisi ya watathmini walioandika ripoti, alipokea karatasi yake ya vipimo vipya vizuri, akaisoma yote.

"Naamini, dada. Naamini kabisa. Lakini cheti chako ni cha kukusanya taarifa. Anayesahihisha ni mwenye cheti cha awamu ya pili."

"Nani anacho huku?"

"Huku? Hakuna."

"Basi twende wote ukapime wewe."

"Siwezi kukanyaga makaburi ya watu bila barua ya wenyewe. Hilo tumeliandika humu humu kwenye ripoti, ukurasa wa heshima kwa mila." Alijaribu kucheka, akaacha. "Lete barua yenye alama ya dole gumba la mkuu wa ukoo, nitapanda gari sasa hivi."

Fanjiry alirudi mbio. Uani kwa Remanintsy walikuwa wamekaa wazee wanne, na hakuna aliyemsogezea mkeka.

"Umeonekana," alisema baba mdogo.

"Ndiyo. Tia dole, baba mdogo, halafu mnipige faini yoyote."

"Nikitia, nimesema ukoo umekubali wageni waingie. Haujakubali. Haujakaa hata." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Usile na sisi mpaka utakaswe. Nenda kwa mama yako."

"Watachimba!"

"Ramani yao inasema hawachimbi," alisema mzee mmoja. "Wewe ndiye unayesema wanachimba. Leo tukuamini, jana ulikosea?"

Ijumaa alikaa mlangoni pa ofisi ya kata tangu ilipofunguliwa. Hery alipita mara mbili, mara zote mbili akimtazama mikononi kuona kama ameleta barua. Saa kumi mlinzi aliibandua ripoti, akaikunja.

Wiki ya pili walikuja wapiga vigingi wa kampuni, kuweka mpaka wa mgodi. Kigingi cha saba kilifika kwenye kaburi la babu yake. Kiongozi wao, mtu mpole wa makamo, alisimamisha nyundo alipomwona akija mbio.

"Dada, mawe haya ni ya nani?"

"Ni makaburi. Yote haya, mpaka kule kwenye mkwaju."

Mtu yule alifungua ramani juu ya goti, akaitazama muda mrefu.

"Hapa hapana kitu. Makaburi yako njiani." Akasoma maandishi madogo ya chini. "Aliyekusanya taarifa, Fanjiry. Unamfahamu?"

"Ni mimi."

Mtu yule alimtazama, akaitazama ramani tena.

"Basi mbona ni wewe uliyesema yako njiani?" aliuliza, bila ubaya wowote, akakunja karatasi na kuinua nyundo.