Breki ya Mbele

"Wewe mama, pikipiki yako haina breki ya mbele," alisema mwalimu, akiminya mkono wa breki uliolegea. "Umefikaje hapa?"

"Kwa ya nyuma," alijibu Mama Kofia, na wenzake waliojipanga uwanjani wakacheka.

Walimwita hivyo kwa sababu yeye peke yake kwenye kijiwe chao cha bodaboda ndiye aliyevaa kofia ngumu hata akienda dukani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye lami ilikuwa imemlia mume. Pikipiki aliyoendesha ndiyo hiyohiyo iliyomwangusha marehemu, ikanyooshwa, ikarudishwa barabarani, maana watoto hawali machozi.

Amri ilikuwa imetoka: asiye na cheti cha mafunzo asibebe abiria. Basi kijiwe kizima kiliacha kazi asubuhi hiyo, kikaja kuchomwa na jua. Mwalimu alimpandisha Mama Kofia kwenye pikipiki ya ofisi, nzima mbele na nyuma.

"Sikilizeni. Kitu kimekukatia njia ghafla. Weka pikipiki wima, achia mkono wa mafuta, bana breki zote mbili pamoja. Ya mbele usiinyakue. Iminye kama unakamua chungwa, kidogo, halafu zaidi, halafu zaidi. Uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika barabara. La nyuma linabaki jepesi. Ukilibana peke yake litagoma kuzunguka, litateleza, na wewe utakwenda nalo. Na usilikodolee macho lori, tafuta penye nafasi. Unapotazama ndipo unapokwenda."

"Ya mbele inapindua, mwalimu," alisema mmoja wa nyuma. "Hilo hata mtoto analijua."

"Inampindua anayeinyakua, au anayeibana akiwa kwenye kona au mchangani. Mama, waonyeshe."

Kwanza alikanyaga ya nyuma tu, kama alivyozoea. Pikipiki ikatikisa mkia, ikateleza, ikalipita jiwe walilowekewa kuwa alama ya kusimama. Mara ya pili akaziminya zote. Pikipiki ikainamisha pua na kusimama, jiwe likiwa bado mbali. Wenzake wakapiga makofi. Yeye alibaki amekaa, mguu mmoja chini, akiuona ule mchirizi mweusi wa tairi alioonyeshwa barabarani siku ya msiba, mrefu, uliopinda mpaka kwenye magurudumu ya lori. Askari waliandika kuwa chanzo ni mwendo kasi. Naye aliamini, akamkasirikia marehemu hata pale kaburini, kwa kukimbilia kifo na kumwachia watoto.

"Na hii yangu je?" aliuliza alipofika kwenye meza ya vyeti.

Mwalimu aligonga muhuri bila kuinua macho. "Sisi tunafundisha. Ukaguzi ni ofisi nyingine."

Ofisi nyingine ilikwishakagua, kwa karatasi. Stika yake mpya ilikuwa imebandikwa kwenye tangi tangu mwezi uliopita. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona pikipiki. Stika ilinunuliwa, ikaja nyumbani mfukoni mwa mtu.

Kutoka hapo alibeba abiria wachache, mwendo wa kinyonga, kisha akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Kuiweka breki ya mbele?" Fundi alicheka. "Dada, mimi kazi yangu ni kuilegeza. Pikipiki mpya ikifika, hilo ndilo la kwanza ninaloambiwa."

"Na hii nani aliilegeza?"

Fundi aliacha kucheka. "Shemeji yako mwenyewe. Aliazima spana hapahapa. Alimwambia marehemu, mdogo wangu, sitaki ikupindue."

Waya mpya na viatu vya breki vilimeza pato la siku nzima.

Jioni shemeji alikuja kuchukua hesabu yake, fedha ya kila siku ya mwenye pikipiki. Alikuwa seremala, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Pikipiki aliinunua yeye, akampa mdogo wake aiendeshe, na baada ya mazishi akampa mjane. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana maneno yalikuwa mazito kumtoka Mama Kofia.

"Hesabu ya leo sina, shemeji. Nimeweka breki ya mbele."

Aliutazama ule waya. "Nani kakutuma?"

"Wametufundisha leo. Tairi la nyuma peke yake haliwezi. Linateleza. Yeye hakuwa anakimbia, shemeji. Alikosa tu cha kushika."

"Niliilegeza mimi," alisema shemeji. "Kwa mkono huu. Nilimpenda yule."

"Najua."

"Hujui. Unaniambia nimemuua ndugu yangu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Shemeji alifungua kiti, akatoa spana, akachuchumaa mbele ya gurudumu. Spana ikamponyoka, akaiokota tena. "Polisi waliandika mwendo kasi," alisema huku akilegeza nati. "Imeandikwa. Imepigwa muhuri. Wale ni watu waliosoma."

Mama Kofia alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Hata hivyo alisema, "Mimi siipandi hivyo."

"Basi atapanda mwingine. Kijiweni hawakosekani."

Akaipiga teke ikawaka, akaipanda kichwa wazi, akaushika mteremko kuelekea barabara kubwa.

Mama Kofia alijua kazi imekwenda na unga wa kesho haupo. Angepaswa kuingia ndani akae chini. Alisimama palepale mlangoni, sikio amelielekeza bondeni. Mlio wa pikipiki ulishuka, ukafika penye kona, ukapungua, ukachanganyika na wa malori.

Binti yake akachungulia. "Mama, baba mkubwa kaondoka na pikipiki yetu?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema. "Nasikiliza."